Marafiki 4,800 mtandaoni, wa kumpigia simu hamna: nifanyeje?

SWALI: "Habari mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 31, nafanya kazi ya kutafsiri nyaraka nikiwa nyumbani kwahiyo siku nzima niko mimi na kompyuta. Facebook nina marafiki 4,800, LinkedIn wamepita 900, grupu za WhatsApp hata sihesabu. Mwezi uliopita niliumwa nikalala siku nne, nikaposti kwamba naumwa, nikapata komenti za pole zaidi ya mia, lakini hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Nilipotaka mtu wa kunisindikiza hospitali nikapitia majina yote kwenye simu nikakosa wa kumpigia, nikaenda peke yangu. Nikawa najiuliza hawa watu wote ni wa nini? Nikijaribu kuongea na mtu inboksi inakuwa mambo, poa, za siku, nzuri, basi yanaisha hapo. Kuna dada mmoja tulikutana kwenye grupu la watafsiri, tunachati miezi minane sasa, naona tunaelewana kweli ila naogopa kumwambia tuonane asije akaniona king'ang'anizi. Je nifute akaunti zote nianze upya? Na urafiki wa mtandaoni unaweza kuwa urafiki wa kweli au najidanganya?"

JIBU:

Pole sana mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako mara tatu na kila nikirudia nakwama palepale, pale uliposhika simu ukawa unapitia majina moja moja huku unaumwa. Naona hiyo ndio iliyokuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Hujaniuliza habari za Facebook kwa kweli, umeniuliza nani ni wangu, na swali hilo naletewa na watu wengi sana, wanaume kwa wanawake, wengine wanajulikana na kila mtu na simu zao hazinyamazi kutwa nzima. Kwahiyo kwanza usijione una kasoro. Pili, usifute kitu chochote usiku wa leo, tutafika huko.

Nianze na zile pole mia na kitu, maana naona zimekuachia uchungu na ningependa uutue. Unahisi wale watu walikuwa wanaigiza. Mimi nadhani wengi wao waliandika wakimaanisha kabisa, shida ni jinsi ujumbe wako ulivyotoka. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio ambalo ukilisikia utaona kama lilitungwa kwa ajili yako. Mtu alikaa peke yake chumbani anaongea na wenzake kupitia kipaza sauti bila kuwaona, halafu ghafla akasikia mwenzake mmoja anapatwa na kifafa. Wale walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Wale walioamini kuna wengine wanne wanasikia pia, ni asilimia 31 tu. Sio kwamba hawa wa pili walikuwa na roho mbaya, wengi wao walikuwa wanahangaika na kutetemeka kabisa, ila kila mmoja akawa anawaza bila shaka kuna mwenzangu ameshaenda. Sasa wewe ulisema mbele ya watu 4,800 kwamba unaumwa. Kila aliyesoma akaona komenti mia za pole zimeshatangulia, akajua huyu ana watu wake wa karibu wako naye, akaandika ugua pole akaendelea na siku yake. Ukimwambia kila mtu, hakuna anayejua kwamba umemwambia yeye. Hilo tu ukilishika umeshapiga hatua kubwa, na nitalirudia huko chini.

Halafu hiyo namba. Facebook wenyewe wameweka mwisho wa marafiki ni 5,000, kwahiyo umebakiza kidogo ujaze, lakini kichwa cha binadamu hakina nafasi hizo. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 amekuwa akisema mtu mmoja anaweza kubeba mahusiano yenye uhai kama 150 hivi, na ndani ya hao 150 kuna mizunguko, watu kama 5 wa ndani kabisa ambao dunia ikikuangukia ndio unaowakimbilia, halafu kama 15 wa karibu, halafu kama 50. Wapo wanaobishana naye juu ya hiyo 150 na ubishi wao una hoja, ila hii habari ya mizunguko mimi naiona kila siku kazini kwangu. Wewe mdogo wangu mzunguko wako wa nje umefurika, wa ndani ndio mtupu. Kwahiyo kazi yako sio kuwageuza watu 4,800 kuwa marafiki, hiyo haiwezekani na utachoka bure. Unahitaji watu watatu au wanne. Ukishajua unatafuta watatu hata mzigo wenyewe unakuwa mwepesi.

Na hao wengine usiwadharau. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wa kujuana juu juu ndio mara nyingi wanaoleta habari mpya, mfano nafasi za kazi, kwa sababu rahisi tu, rafiki yako wa ndani anajua yaleyale unayoyajua wewe, ila yule mnayesalimiana kwa nadra yuko kwenye dunia nyingine. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa ndani ya LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20 na ukaelekea hukohuko, wale wasio wa karibu sana ndio waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya. Kwahiyo wale 900 wako wana kazi yao, kwa mtu anayejitegemea kama wewe ni mtaji kabisa. Kosa ni kuwasubiri wafanye kazi ya wale watano.

Umeuliza kama urafiki wa mtandaoni unaweza kuwa wa kweli. Unaweza, na hapa nasema kwa uhakika. Watu wamekuwa wakipendana kwa barua tangu zamani, wengine wameandikiana miaka na miaka kabla ya kuonana uso kwa uso. Kinachofanya urafiki uwe urafiki ni mambo mawili na simu haiyazuii, ila inafanya iwe rahisi sana kuyakwepa. La kwanza ni muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti wake mwaka 2018, alikuta mtu unayemfahamu tu anahitaji kama masaa 50 ya kuwa pamoja mpaka awe rafiki wa kawaida, kama masaa 90 mpaka umwite rafiki bila kusita, na zaidi ya 200 mpaka awe rafiki wa damu. Tena masaa ya kazini kwa pamoja hayakusaidia sana kama masaa ya kupiga stori, kutaniana, kufanya kitu kwa hiari. Usizichukue hizo namba kama sheria, ila jiulize, kwenye ile orodha ya 4,800 yupo hata mmoja ambaye mwaka huu mmekaa masaa kumi mnaongea kweli? Kulaiki picha kunachukua sekunde. Hata ukilaiki picha zake zote za miaka mitano hujakaa naye saa moja.

La pili ni kufungukiana kwa zamu. Mimi nakwambia kidogo kinachonigusa, wewe unanirudishia kidogo kinachokugusa, kesho tunachimba zaidi kidogo. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake waliwakalisha watu wasiojuana dakika 45 waulizane maswali yanayozidi kuingia ndani taratibu, na wakatoka pale wanajisikia karibu kuliko wale waliopewa maswali ya juu juu kwa muda uleule. Neno zito hapo ni zamu. Kule kwenye ukurasa wako unafunguka lakini hakuna zamu, wewe unasema, watu wanapita. Na wewe unaona watoto wa fulani, msiba wa fulani, gauni jipya la fulani, mpaka unahisi unamjua kabisa, kumbe yeye hata hajui kwamba unajua. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliielezea hali hii kwa watazamaji wa televisheni waliojihisi ni marafiki wa watangazaji. Siku hizi tunaishi hivyo na majirani na tuliosoma nao darasa moja, na naomba uelewe hili linachosha moyo hasa kwa sababu linafanana sana na urafiki, yaani unamaliza siku ukiwa umeona watu mia na hujaonwa na hata mmoja.

Sasa tuje kwenye mambo, poa, za siku, nzuri. Hayo maongezi hayafi kwa sababu watu hawakupendi. Yanafia pale kwa sababu hayana pa kwenda, umempa mwenzako mlango hauna chumba nyuma yake, atafanyaje, atajibu poa. Mtu umjie na kitu chake. Badala ya "mambo", mwandikie "nimeona umeandika umerudi shule baada ya miaka kumi, hivi usiku unasomaje na watoto wadogo, mimi nataka kurudi naogopa". Angalia kilichomo humo, umemwonyesha umemsoma yeye na sio umetupa nyavu, umemuuliza kitu ambacho jibu lake ni stori, na umeweka na chako kidogo mezani ili naye asijione anahojiwa. Meseji moja ya namna hiyo kwa wiki inazidi komenti mia za moto moto. Akijibu, usikimbilie kumaliza kwa emoji. Shika uzi mmoja kwenye alichosema uuvute. Na baada ya wiki mbili rudi, "ule mtihani ulisemaje?" Mimi nakwambia hicho kitendo cha kurudi kuuliza jambo ambalo mtu alilitaja mara moja tu ndio kimewaunganisha wengi ninaowafahamu, kwa sababu watu wengi hawajawahi kukumbukwa hivyo na mtu asiye ndugu yao.

Wapi pa kuanzia? Usianze na wageni. Rudi nyuma kwenye hao 4,800 utafute watu kama kumi ambao mliwahi kuwa na ukaribu ukapoa tu bila ugomvi, uliosoma nao, uliofanya nao kazi, jirani wa zamani. Urafiki uliolala haujafa, yale masaa mliyokaa pamoja bado yapo, unayaendeleza tu yalipoishia. Kati ya kumi watatu hawatajibu, wanne watajibu kwa ubaridi, na wawili watatu watafurahi mpaka ushangae. (Hesabu hizo ni za uzoefu wangu tu, usizikariri.) Wafuate hao waliofurahi.

Maandishi yakishachangamka hamia kwenye sauti. Hapa wengi wanakwama, wanakaa mwaka mzima kwenye kuchati kwa sababu kupiga simu kunaonekana ni kusumbua. Mwaka 2021 Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha majaribio yao juu ya hilohilo, watu walitarajia kuongea kwa sauti kutawatia aibu kuliko kuandikiana, wakajaribu, aibu haikuwa kama walivyotarajia na ukaribu ulikuwa mkubwa kuliko wa maandishi. Sauti ina kicheko, ina kusita, ina ule mguno unaomwambia mtu endelea nakusikia. Kama kupiga moja kwa moja ni kuzito anza na voisi noti ya dakika moja, halafu siku nyingine mwambie "haya ya leo marefu, nikupigie saa ngapi?" Kutoka hapo tafuteni kitu cha kufanya pamoja, na kiwe na siku yake. Wewe na wenzako wa kutafsiri mngeweza kila Alhamisi jioni kupitia kazi ngumu pamoja kwenye vidio koli, saa moja tu. Ukiwa na siku maalumu huhitaji tena kujipa moyo kila mara wa kumtafuta mtu, siku yenyewe inawakutanisha, na masaa yanajihesabu polepole bila mtu kuona.

Huyo dada wa grupu sasa. Miezi minane! Na unaogopa ataona unang'ang'ania. Nikupe habari njema mbili. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake waligundua kwamba watu wakimaliza kuongea na mtu mgeni, kila mmoja anaondoka akiamini amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Na mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake wakaonyesha kwamba tunakadiria chini sana furaha anayopata mtu tukimtafuta bila sababu, hasa pale asipotegemea. Kwahiyo hiyo sauti inayokwambia utamsumbua ina kawaida ya kukosea, na upande wa kukosea mara nyingi ni uleule. Tena inawezekana kabisa naye amekaa huko anakuogopa wewe.

Ila tusiendeshwe na matumaini peke yake, angalia alama. Huwa anaanza yeye maongezi wakati mwingine? Anakumbuka ulichomwambia? Anakuuliza habari zako au anajibu tu anapoulizwa? Ameshawahi kukuambia jambo lake ambalo hajaliposti popote? Kama mawili matatu yapo, nyie ni marafiki tayari, mmebakiza kuonana. Mwandikie wazi bila kuzungusha, mfano "nimefurahia sana kuongea na wewe miezi hii yote, ningependa tuongee kwa simu siku moja, na kama tutaelewana basi tukae mahali tuonane, ukiona haikufai niambie tu hamna shida". Umeona nilivyomwachia mlango? King'ang'anizi ni yule anayeambiwa hapana akauliza tena kesho. Kuomba mara moja kwa heshima hakujawahi kumfanya mtu king'ang'anizi. Akikataa itauma, sitakudanganya, lakini hapana yake inaweza kuwa na sababu zake nyingi tu ambazo hazikuhusu, na urafiki wa kuandikiana unaweza kuendelea kama ulivyo na bado ukawa na thamani.

Akikubali, kuna tahadhari moja ya moyo na nyingine za mwili. Ya moyo ni hii, Joseph Walther tangu 1996 ameeleza kwamba kwenye maandishi watu wanaweza kujisikia karibu kuliko hata ana kwa ana, sababu kila mmoja anachagua cha kuonyesha na ana muda wa kupanga maneno, na msomaji anajazia mapengo kwa mazuri. Kwahiyo mkionana, nusu saa ya kwanza inaweza kuwa baridi mpaka ukajiuliza huyu ndiye yule. Usiondoke na hukumu siku hiyo, zile sura mbili mlizokuwa nazo vichwani zinahitaji muda kuwa mtu mmoja. Kwa upande wa mwili, muone kwanza kwa vidio koli ujue ni yeye, onaneni mchana mahali penye watu, nenda na urudi kwa usafiri wako mwenyewe, na mtu mmoja ajue uko wapi na unarudi saa ngapi. Na yeyote wa mtandaoni, awe huyu au mwingine, anayekwepa vidio kila siku kwa sababu mpya, anayekuharakisha kuwa wa ndani sana ndani ya wiki mbili, au anayeanza kuleta dharura za hela kabla hamjaonana, huyo simamisha hapohapo bila kujisikia vibaya. Upweke unatufanya tusamehe alama ambazo siku nyingine tungeziona kutoka mbali, na matapeli wanalijua hilo vizuri sana.

Kuhusu kufuta akaunti. Nawaelewa wanaofuta na wengine imewasaidia, hasa waliokuwa wanalala na simu mkononi wakijilinganisha na maisha ya watu. Lakini kwako wewe unayefanya kazi peke yako nyumbani, ukifuta leo huyo dada umempoteza, na wale kumi wa zamani umewapoteza, na upweke utabaki na wewe mle ndani. Ningependa zaidi uzime notifikesheni, upunguze ule muda wa kupitisha kidole bila kuongea na mtu, na muda ulioupata uuhamishie kwenye inboksi na simu. Na usitegemee mtandao peke yake, kama kuna darasa, kwaya, ibada, mazoezi, kitu chochote karibu na unapoishi kinachokutanisha watu walewale kila wiki, nenda hata kama wiki tatu za mwanzo utajiona mgeni. Mtu wa kukusindikiza hospitali inabidi awe anaweza kukufikia. Rafiki wa mbali atakaa na wewe kwenye simu usiku kucha, na hilo sio dogo, ila mkono wake haufiki.

Kuna mahali maandishi yangu haya hayatoshi. Kama huu upweke umeanza kukunyima usingizi wiki kwa wiki, hamu ya kula imeondoka, kazi unayoipenda huiwezi tena, au ukifikiria kuongea na mtu moyo unaenda mbio unatokwa na jasho mpaka unaahirisha kila kitu, tafuta mshauri nasaha au mwanasaikolojia ukae naye uso kwa uso, hayo yanatibika. Na kama yanakujia mawazo kwamba bora usingekuwepo, usisubiri miadi ya wiki ijayo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo au mwambie mtu aliye karibu, yeyote, kwa maneno wazi, kwamba unahitaji asikuache peke yako.

Sasa nirudi pale nilipoahidi. Siku nyingine ukiumwa, kabla hujaposti, mwandikie mtu mmoja kwa jina lake, "fulani, naumwa, naomba unisindikize hospitali kesho asubuhi, unaweza?" Najua ni kuzito, ni kuzito kuliko kuposti, maana kwenye posti hakuna anayeweza kukukatalia. Akishindwa mwandikie wa pili. Na usisubiri kuumwa ndio ujaribu, anza na ombi dogo wiki hii, mwombe mtu akupe ushauri wa kitu, akusomee tafsiri yako ukurasa mmoja. Anayekusaidia kitu kidogo leo mara nyingi anajisikia yuko karibu zaidi na wewe kesho.

Ile meseji ya huyo dada itume kabla hujaanza kuifikiria sana. Na ukishaongea naye, niandikie uniambie sauti yake ilikuwaje ukilinganisha na uliyokuwa unaisikia kichwani.